Hamsini kwa hamsini ya gari lililosimama

Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia vyuma chakavu: bamba la chuma lililochimbiwa ardhini katika yadi moja kule Changamwe, usawa mmoja na saruji, limejaa mafuta machafu na vumbi la kutu. Mwenye yadi alituruhusu kwa sharti moja, tusimcheleweshee lori lake. Tukaisukuma MGB GT ya rafiki yangu, gari dogo la michezo la zamani la Kiingereza, mpaka magurudumu ya mbele yakakanyaga bamba, ya nyuma yakabaki nje. Kilo 551. Tukasukuma tena, ya mbele yakashuka na ya nyuma yakapanda. Kilo 579. Fundi wetu, mzee ambaye sote tunamwita Ami ingawa hatuna udugu naye, akafungua mlango wa nyuma, akainua kapeti na kucheka. Chini yake palikuwa na gunia la mchanga, limeshonwa mdomo kwa uzi wa nailoni.

Rafiki yangu alilinunua gari hilo kwa mtu aliyemwambia, bila kupepesa macho, kwamba uzito wake ni hamsini kwa hamsini, nusu mbele na nusu nyuma, kama wa BMW. Maneno hayo yalipandisha bei. Habari ya gunia hakuambiwa.

Tulilitoa gunia tukalipima peke yake: kilo 40. Tukarudisha gari kwenye bamba. Mbele kilo 560, nyuma 530. Sasa angalia hesabu hiyo vizuri, kwa maana rafiki yangu alidhani mizani imeharibika. Gunia la kilo 40 lilikuwa limeongeza nyuma kilo 49. Hizo 9 za ziada zimetoka wapi?

"Mwanangu," Ami akamwambia, "hujawahi kumtazama hamali?"

Nenda Marikiti asubuhi umtazame. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa viazi nyuma ya ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, mikono yake huinuka na hamali hubaki ananing'inia kama nguo kambani. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, licha ya kulemea magurudumu yaliyo chini yake, huinua na upande wa pili. Gunia lile lilikuwa nyuma kabisa, kupita ekseli, kwa hiyo lilibeba uzito wake wote na juu yake likanyang'anya kilo 9 kutoka kwa matairi ya mbele. Hayo ndiyo matairi yanayopindisha gari. Aliyelitia gunia alikuwa akitafuta usawa. Alichopata ni gari zito zaidi lenye mbele nyepesi zaidi, na bado si hamsini kwa hamsini. Likiwa na gunia ni takriban 49 kwa 51, likiwa tupu ni 51 kwa 49. Mizani ya vyuma chakavu si ya sonara, ukiongeza au kupunguza kilo tano huku na kule hutakuwa umekosea sana. Dereva mwenye kilo 80 akiketi, au tangi la nyuma likijazwa lita 50 za petroli ambazo peke yake ni kilo 37 hivi, namba zinabadilika tena. Kwa ufupi, gari lilikuwa sawa tangu lilipotoka kiwandani. Mtu alilipia mchanga.

Nimeandika haya kwa sababu gunia lile si la mtu mmoja. Wapenzi wa magari ya zamani ya michezo, hapa Mombasa na kwingineko, wamekariri namba hiyo ya hamsini kwa hamsini kama watoto wa chuoni wanavyokariri alifu na be, bila kuuliza inapimwa wakati gani. Jibu ni hili: inapimwa gari likiwa limesimama. Injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, hakuna kona. Ni hali ambayo gari la michezo halikutengenezewa.

Panda matatu ya Bamburi ukae nyuma. Dereva akikanyaga breki ghafla pale Kongowea, abiria wote huinamia mbele kwa pamoja, na pua ya gari nayo huinama. Hakuna aliyebadilisha kiti, injini haijasogea, lakini mzigo unaoyakandamiza matairi umehama. Kiasi kinachohama hakitegemei kabisa gari limegawanya uzito vipi. Kinategemea mambo manne tu: uzito wote wa gari, ukali wa breki, urefu wa kitovu cha uzito (ile nukta ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika) kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli mbili. Chukua gari la kilo 1,000, kitovu cha uzito kiko sentimita 45 juu ya lami, na ekseli zimeachana sentimita 240. Funga breki kwa nguvu ya asilimia 80 ya mvutano wa dunia, ambayo tairi zuri kwenye lami kavu huimudu. Zidisha, gawanya, utapata kilo 150 zimetoka nyuma zikaenda mbele.

Kwa hiyo lile gari la hamsini kwa hamsini, kwenye breki, ni 65 kwa 35. Matairi ya mbele yanalia, ya nyuma yanapepea tu. Sasa chukua gari jingine lenye asilimia 40 mbele na 60 nyuma, lile ambalo barazani wanaliita gari la kuua watu. Kwenye breki hiyohiyo linakuwa 55 kwa 45. Matairi yote manne yanafanya kazi, karibu sawa kwa sawa. Kama unatafuta usawa pale unapouhitaji zaidi, yaani unapotaka kusimama kabla ya kona, basi huupati kwa gari lililo sawa likiwa limesimama. Unaupata kwa gari lililolemea nyuma. Na ukitoka kwenye kona ukikanyaga mafuta, mzigo unarudi nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na hapo tena lililolemea nyuma linaondoka wakati jingine linasugua matairi.

Nisionekane napinga kila kitu. Ndani ya uongo huu mna kokwa ya kweli. Kwenye kona ndefu ya kasi moja, hukanyagi breki wala huongezi mafuta, matairi manne ya ukubwa mmoja na upepo mmoja, gari lenye uzito ulio sawasawa litagawa kazi sawasawa, na halitakuwa na hamu ya kutokeza pua wala mkia. Tairi nalo lina tabia yake: ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko wake unaongezeka, lakini haufiki mara mbili. Ndiyo maana kulibebesha tairi moja kupita wenzake ni hasara. Hadi hapo hoja ya wenye hamsini imesimama. Tatizo ni kwamba kona ya namna hiyo utaipata kwenye uwanja wa majaribio wa kiwanda. Ukienda Kwale kutoka Kombani, barabara inapanda vilima vya Shimba kwa kona zinazofuatana, na dakika hii unafunga breki, dakika hii unakanyaga mafuta.

Tulizungumze hilo gari la kuua watu, maana ndilo limebeba lawama nyingi kuliko yote. Porsche 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na ikaanza kutengenezwa mwaka uliofuata. Injini yake inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na uzito wake ni karibu 40 kwa 60. Tabia yake mbaya inajulikana: uko katikati ya kona kwa kasi, ukaogopa, ukaondoa mguu kwenye mafuta. Mzigo unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanapata wepesi ghafla, na injini iliyoko nyuma kabisa bado inataka kwenda ilikokuwa ikienda. Mkia unakupita. Hamali anaijua hali hii vilevile. Mkokoteni ukikata kona mteremkoni, mzigo ndio humwongoza mwenye mzigo.

Hadithi ya namna Porsche walivyolishughulikia jambo hili ingemfurahisha yule aliyetuuzia mchanga. Katika baadhi ya 911 za mwanzo, ndani ya bampa ya mbele mlifichwa vipande viwili vya chuma cha kalibu, karibu kilo 11 kila kimoja. Naam, farumi, ule mzigo wa kutuliza jahazi! Wahandisi wa Stuttgart walifanya alichofanya mtu wa gunia, tofauti ni kwamba wao walitia upande uliohitaji. Lakini farumi haikuwa dawa, na wao wenyewe walilijua hilo. Kwa magari ya mwaka 1969 walifanya jambo la akili zaidi: waliyasogeza magurudumu ya nyuma yarudi nyuma. Umbali kati ya ekseli uliongezeka kutoka milimita 2,211 hadi 2,268. Milimita 57, upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Betri wakaweka mbili ndogo mbele, kila moja kwenye kona yake. Injini haikuhama sana, ila sasa ilikuwa haijajitokeza nyuma ya magurudumu kama zamani, na gari likatulia. Bado lililemea nyuma, na halijaacha kulemea nyuma mpaka leo.

Na matokeo yake katika ardhi yetu? Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, na kwa miaka mingi baadaye, yalikuwa maelfu ya kilomita za matope, mawe na vumbi. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, gari ambalo injini yake iko nyuma kabisa kama ya 911. Haikuwa bahati. Kwenye matope, gari lenye uzito juu ya magurudumu yanayosukuma ndilo linalotoka shimoni. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili kwa 911, nyuma ya Joginder Singh na Lancer yake. Mwaka 1978 Vic Preston Junior alikuwa wa pili kwa 911, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Safari yenyewe 911 haikuishinda katika enzi zile, na mashabiki wake huumia wakikumbushwa. Lakini mwaka 2011, katika Safari ya magari ya kale, mashindano ambayo yamewahi kuanzia na kuishia Mombasa hapa, Waldegård huyohuyo alishinda kwa 911, mwanawe Mathias ameketi kando yake akimsomea njia. Gari la kuua watu lilimfikisha mzee salama.

Kuna imani nyingine, na hii ni ya wasomi kidogo, ndiyo maana inanikera zaidi. Inasema: mradi mizani inasoma sawa mbele na nyuma, haijalishi uzito huo umekaa wapi. Wakubwa wetu walikuwa na neno lake, mzegamzega. Vijana wa sasa wanaoletewa maji kwa bomba huenda hawajauona. Ni mti unaowekwa begani, ndoo huku na ndoo kule, na mbebaji katikati. Usawa wake ni kamili, hamsini kwa hamsini, bila hivyo maji yamemwagika. Sasa mwambie mbebaji ageuke ghafla kwenye kichochoro cha Mji wa Kale kwa sababu pikipiki inakuja. Hawezi. Ndoo zina kani yake: zinakataa kuanza kugeuka, na zikishaanza zinakataa kuacha. Mpe maji yaleyale kwenye dumu moja alikumbatie kifuani, atageuka kama paka.

Mizani haioni tofauti ya watu hawa wawili. Kona inaiona. Alfa Romeo Alfetta ya mwaka 1972 iliweka injini mbele, na klachi na giaboksi nyuma pamoja na difu, ili namba itoke sawa. Porsche walifuata njia hiyo kwa 924 mwaka 1976, kisha 928. Ni magari mazuri, na nimekaa ndani ya moja nikakubali kwamba kwenye barabara kuu yanakwenda kama jahazi lenye upepo wa nyuma. Sababu yake ni hiyo ya mzegamzega. Uzito ulio miishoni hulifanya gari liwe tulivu, lisiyumbishwe na kila bonde, lakini huchelewa kugeuka. Mtu anayekwambia 924 inageuka upesi kwa sababu ni hamsini kwa hamsini amechanganya mambo mawili yasiyo na uhusiano.

Upande wa pili ni magari ya injini katikati, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Lancia Stratos ilikuwa fupi, ekseli zake zimeachana milimita 2,180 tu, uzito wote umekumbatiwa kifuani. Kugeuka ilikuwa inageuka kabla hujamaliza kufikiri. Ila ukikosea, inazunguka kwa wepesi uleule. Ililetwa kwenye Safari mwaka 1975 ikiwa na Sandro Munari na Waldegård, ikashika nafasi ya pili na ya tatu. Aliyeshinda ni Ove Andersson na Peugeot 504, ndugu wa gari lililobeba maharusi, wagonjwa na mbuzi wa Idi katika nusu ya Afrika Mashariki. Lamborghini Miura ya 1966, gari zuri kuliko mengi yaliyowahi kuundwa, injini yake pia iko katikati, ila tangi la petroli liko mbele. Kadiri petroli inavyoisha ndivyo pua inavyopungua uzito, na kwenye kasi kubwa ikaanza kuinuka. Basi ukiulizwa uzito wa Miura umegawanywa vipi, uliza kwanza imebakiza lita ngapi.

Turudi kwenye MGB, kwa sababu ndiyo iliyo gereji na ndiyo inayobishaniwa. Rafiki yangu alikuwa na ndoto ya kutia injini ya V8. Kila aliyemweleza alimwambia neno moja: pua itazama. Silinda nane si nne, mzee, jiulize mwenyewe. Hata Ami, ambaye namheshimu, alitikisa kichwa.

Basi sikiza. Mwaka 1967 kiwanda cha MG kilitoa MGC, gari hilohilo likiwa na injini ya lita 3, silinda sita, chuma kitupu. Injini hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya silinda nne kwa zaidi ya kilo 90, na kweli pua ilizama. Walilazimika kubadilisha hata springi za mbele, boneti likatiwa kibyongo ili injini ienee. Magazeti yakalisema vibaya, na baada ya miaka miwili likaachwa. Kuanzia hapo ndipo imani ilipozaliwa: injini kubwa ndani ya MGB ni balaa. Kisha mwaka 1973 ikatoka MGB GT V8, lita 3.5, silinda nane, na uzito wa injini hiyo ulikuwa karibu sawa na ule wa silinda nne ya lita 1.8. Karibu sawa! Siri ni kwamba ile ndogo ni chuma cha kalibu, na ile kubwa ni aluminiamu, muundo uliotoka kwa Buick wa Marekani ukanunuliwa na Rover. Idadi ya silinda haikuambii kitu kuhusu uzito. Sufuria tatu za aluminiamu unazibeba kwa mkono mmoja, kikaango cha chuma kinakuvunja kiganja.

Nilipomweleza Ami alinyamaza kidogo, akajifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Hiyo ya aluminiamu ikipata moto sana inapinda." Kweli pia. Mzee hakubali kushindwa mara mbili siku moja.

Mengine nitayapita haraka. Watu husahau kwamba uzito una kulia na kushoto, na magari yetu ya usukani wa kulia yakiendeshwa na mtu mmoja hulemea kulia hata kiwanda kiseme nini. Na una juu na chini. Tuktuk haipinduki pale Mwembe Tayari kwa sababu ya kugawanya uzito vibaya mbele na nyuma. Inapinduka kwa sababu mzigo uko juu na mbele pana gurudumu moja. Ukitaka kuliboresha gari la zamani, teremsha kitovu cha uzito kabla hujaanza kukisogeza mbele na nyuma.

Kubwa lililobaki ni matairi, na hili linanipa uchungu kwa sababu ndilo dawa rahisi kuliko zote. Uzito peke yake hauamui. Mini, iliyotoka mwaka 1959, ina zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake mbele. Kwa kanuni ya barazani ilipaswa kwenda moja kwa moja baharini kila ikifika kona. Ilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Upande mwingine, Chevrolet Corvair ya 1960, injini nyuma, ilipata sifa mbaya Marekani nzima baada ya Ralph Nader, mtetezi wa haki za wateja, kuishambulia. Lakini lawama kubwa haikuwa ya uzito wenyewe. Ilikuwa ya ekseli zake za nyuma, zile zinazobembea kama mbawa za kunguru, gurudumu likaweza kujikunja chini ya gari kwenye kona kali. Kiwanda kilijaribu kulizuia hilo kwa upepo wa matairi: pauni 15 mbele na 26 nyuma, ili pua ichelewe na mkia ushike. Jiulize ni madereva wangapi waliokwenda kutia upepo wakamwambia kijana wa pampu "tia sawa yote", kama tunavyofanya sisi. Mwaka 1965 ekseli zikabadilishwa, injini ikabaki palepale nyuma, na gari likatulia.

Mtu wa gunia hakulitunga wazo lake hewani, hilo namtetea. Pikapu tupu ina mkia mwepesi kweli, na mvua ya masika ikinyesha, gunia mbili za mchanga juu ya ekseli zinasaidia. Nahodha naye hutia farumi jahazi likiwa tupu, ila huitia chini, katikati, na chombo chake kinaihitaji. Pale Likoni watu wa feri huyapanga malori katikati na magari madogo pembeni, na hakuna anayebishana nao. Kosa ni kuichukua hekima ya pikapu na kuitia kwenye gari la michezo ambalo limeshasawazishwa, kisha kulining'iniza gunia mahali pabaya kuliko pote, nyuma ya ekseli, ambapo linazidisha kani ya kuzunguka.

Siku ile tuliyoyapima yote, tulivuka Likoni jioni tukapanda mpaka Kwale, mchanga tumeuacha Changamwe. Ami alikuwa ameongeza pauni mbili za upepo mbele kuliko nyuma, akafunga upya bushi mbili zilizokuwa zimelegea. Rafiki yangu aliendesha, mimi nimejibana nyuma kwenye kile wanachokiita kiti, magoti kidevuni. Kona ya tatu juu ya Kombani gari liliingia bila kulalamika, na nilimwona kwenye kioo anatabasamu. Ami alisema tu, "Breki ya kushoto inavuta."

Tuliporudi aliishughulikia. Namba 560 na 530 bado zimeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa gereji, chini ya deni la mtu wa tuktuk ambaye hajalipa klachi tangu Ramadhani.